Kupanda mwasumini: jua kwanza, maji baadaye

Mwasumini wa marehemu bibi yangu ulikuwa uwani kwetu Majengo, kando ya kisima, na tangu nipate akili zangu sikumbuki kaskazi iliyopita bila maua. Harusi zote za ukoo wetu zilichuma hapo. Alasiri ya siku ya kupamba, wasichana walikaa mkekani na sindano na uzi, matumba yamewekwa kwenye sinia na kufunikwa kitambaa kibichi, na kabla ya magharibi makoja yalikuwa tayari. Hakuna aliyewahi kuuliza ule mti watunzwaje, kwa sababu hakuna aliyeutunza. Ulikunywa maji yaliyomwagika ndoo ilipotolewa kisimani, na ulikatwa ulipoziba njia. Basi.

Kisha kiwanja cha upande wa mashariki kikauzwa, pakasimama ghorofa sita. Mwaka wa kwanza mwasumini ulitoa maua machache. Mwaka wa pili ulitoa majani tu, makubwa, ya kupendeza, pamoja na matawi marefu membamba yaliyopanda ukutani. Mama akasema ni jicho. Akaufukiza ubani, akausomea, na juu ya hayo akaongeza samadi na kuunywesha maji asubuhi na jioni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea ndoo. Mwaka wa tatu, masika yalipokolea, majani yakageuka manjano yakapukutika, na tulipouchimba tukakuta mizizi imekuwa myeusi, laini, yanuka. Mti uliooza haukuwa na jicho lolote. Tuliuua sisi wenyewe kwa maji.

Kwa bahati, miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimekata vipande vitano vya matawi na kuvichomeka kwenye kopo kwangu Tudor. Viwili vilishika. Haya ninayoandika nimejifunza kwa hivyo viwili, kwa kusoma na kwa kuuliza watu wenye miasumini inayozaa, na nayaandika kwa sababu kila ninapokwenda shughuli nakutana na mtu anayelalamika kwamba wake ni majani tu.

Asumini gani hasa

Asumini yetu ya makoja na vikuba kwa jina la wataalamu ni Jasminum sambac. Ni wa jamii moja na mzeituni, jambo ambalo wengi hushangaa kulisikia. Asili yake ni Asia ya Kusini, na jina tunaloliita lina chanzo cha Kiajemi, likatufikia kupitia Kiarabu. Hilo sambac nalo limetokana na neno la Kiarabu, zanbaq. Mtaalamu Linnaeus alipouandika mwaka 1753 aliuweka chini ya jina Nyctanthes, maana yake ua la usiku, na mwaka 1789 William Aiton wa bustani ya Kew akauhamishia kwenye ukoo wa asumini. Linnaeus alikosea ukoo lakini tabia aliijua: ua hili hufunguka jioni, hunukia usiku kucha, na likifika jua la asubuhi huwa limeshachoka.

Mmea huu huu ndio ua la taifa la Ufilipino tangu mwaka 1934, wao wakiuita sampaguita, na wanatunga makoja kama sisi. Indonesia nao wameuheshimu vivyo hivyo kwa jina la melati. Wachina hutandaza matumba yake kati ya majani ya chai usiku mmoja ili chai ishike harufu. Kule Madurai, kusini mwa India, ni zao la shamba kabisa, na mwaka 2013 asumini ya huko ilipewa hati ya kulinda jina lake. Nayataja haya kwa sababu moja: mengi tunayohitaji kujua juu ya kuutunza, wakulima wa Tamil Nadu wanayafanya kila mwaka kwa ajili ya riziki yao, na hali yao ya hewa si mbali sana na yetu.

Kuna wenye ua la safu moja, petali tano hadi tisa hivi, na kuna wenye ua lililofungana, petali juu ya petali, kama waridi dogo. Huu wa pili hukua polepole, na ua lake halifai sana kutungwa kwa sababu ni zito na huharibika haraka lipigwapo sindano. Kama nia yako ni makoja, tafuta wa safu moja.

Na uwe macho unaponunua. Mimi nilipoona vipande vyangu viwili bado vidogo, nikaenda kwa muuza miche mmoja kando ya barabara nikauziwa miche mitatu ya “asumini”, nikaibeba kwa furaha. Ilipokua, kila jani likawa ni kikonyo chenye vijani vidogo vidogo saba, maua meupe yakatoka, yakanukia, kisha yakazaa matunda mekundu. Asumini yetu haizai matunda mekundu. Kumbe niliuziwa Murraya, mti wa jamii ya mchungwa unaopandwa sana kuwa ua la nyumba, ambao Wazungu nao huuita asumini. Si mti mbaya, lakini huwezi kumvisha bi harusi.

Kuutambua mwasumini wa kweli ni rahisi. Jani lake ni moja zima, si vijani vingi kwenye kikonyo kimoja, lina umbo la yai na kijani kizito. Majani hutoka mawili yakielekeana kwenye kifundo, na mara nyingine matatu. Vunja jani: hakuna utomvu mweupe. Ukiona maziwa, huo ni mmea mwingine. Na ua likizeeka hugeuka rangi ya zambarau hafifu kabla ya kukauka.

Vichakani kwetu pia kuna asumini-mwitu. Mmoja, Jasminum fluminense, una jani lililogawika vijani vitatu. Jina lake ni la kuchekesha: lahusu Rio de Janeiro, kwa sababu mtaalamu aliyeuandika aliuona Brazil, hali asili yake ni huku Afrika, na Wareno ndio walioupeleka ng'ambo. Wanukia vizuri lakini ua lake ni jembamba na hutawanyika, na mmea wenyewe hutambaa juu ya kila kitu. Kule Florida wanaung'oa kama kwekwe. Usiupande uwani.

Jua

Hapa ndipo mti wa bibi ulipofia, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Mwasumini hauhitaji mwangaza, wahitaji jua lenyewe, la kuchoma, juu ya majani, kwa saa sita kwa siku au zaidi. Ukipata saa nne utakupa maua ya kuhesabika. Ukipata mbili utaishi, utatoa majani mapana ili kukusanya kile kidogo kilichopo, na hautafanya ua. Ndiyo maana mwasumini wa kivulini huonekana mzima kuliko wa juani. Wa juani huwa na majani madogo zaidi, yamekakamaa, na matawi mafupi yenye vifundo vya karibu karibu, na ni kwenye ncha za hayo matawi mafupi ndipo matumba hutoka. Mama alikuwa akisifu majani ya ule mti hadi wiki chache kabla haujafa.

Kwa hivyo kabla ya kununua mche, kaa nyumbani siku moja uhesabu. Angalia saa jua linapofika mahali unapokusudia, na saa linapoondoka. Uwani kwetu Majengo, baada ya ghorofa kusimama, jua lilifika saa sita mchana na kuondoka saa nane, kwani upande wa magharibi ni nyumba yetu wenyewe. Laiti tungehesabu, tungejua tangu mwaka wa kwanza.

Lakini siku moja haitoshi, na hili watu wengi hawalitii maanani. Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa limeegemea kaskazini, na Desemba limeegemea kusini. Kwa hivyo ukuta ulio upande wa kaskazini wa mmea wako huufunika katikati ya mwaka, na ule wa kusini huufunika wakati wa kaskazi. Jengo la mita 15 hutupa kivuli cha karibu mita 8 upande wa kusini adhuhuri ya Juni. Desemba jengo hilo hilo hutupa kivuli cha mita 5 hivi, tena upande wa pili. Kwa mwasumini, jua la Novemba mpaka Machi ndilo la thamani zaidi, maana ndio wakati wake wa kuzaa. Kama huna budi kuchagua, kubali kivuli cha Juni lakini usikubali cha Januari.

Na kama uwani kwako hakuna jua tena, usijidanganye. Samadi haitoi jua. Hamisha mmea. Wangu uko juu ya paa la zege la nyumba ninayopanga, ghorofa ya nne, kati ya matangi na kamba za nguo. Nilimwomba ruhusa mwangalizi wa nyumba, akaniwekea masharti mawili, nami nayaona ya haki: vyombo vikae juu ya matofali ili maji yasituame chini yake, na visiwekwe katikati ya paa. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa ina uzito wa karibu kilo 30. Zikiwa kumi, ni kilo 300, kwa hivyo zipange kandokando, juu ya kuta. Roshani ya upande wa mashariki au magharibi nayo yafaa, mradi uhesabu saa zako.

Udongo na maji

Kisiwa chetu na sehemu kubwa ya pwani kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Mwasumini ukikaa kwenye udongo wa chokaa nyingi hushindwa kunywa madini ya chuma, hata yakiwamo ndani ya udongo. Utaona majani machanga ya juu yanakuwa manjano, lakini mishipa yake imebaki kijani, kama ramani. Watu wakiona hivyo huongeza maji, au humwaga majivu ya jikoni kwa kuamini kwamba majivu ni mbolea. Majivu huzidisha hali ile ile ya chokaa. Usimwage majivu kwenye mwasumini kabisa. Usipande pia karibu na msingi wa ukuta palipobaki kifusi cha simiti na lipu.

Kama unapanda ardhini, chimba shimo la nusu mita kwenda chini na nusu mita upana, toa mawe na kifusi chote, kisha jaza udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Mimi huchanganya ndoo mbili za udongo mwekundu, ndoo moja ya samadi ya mbuzi iliyokaa miezi mingi, na ndoo moja ya mchanga wa mto. Narudia: wa mto. Mchanga wa pwani una chumvi na vipande vya makombe, navyo ni chokaa tena. Manjano yakishaingia, tafuta kwa wauza dawa za mimea madini ya chuma yaliyotengenezwa kwa ajili ya udongo wa chokaa, fuata kipimo cha paketi, na uendelee kutia mboji. Msumari wenye kutu uliofukiwa shinani, ambao nimeshauriwa na zaidi ya mtu mmoja, haufanyi lolote kwenye udongo wetu.

Chumvi ndiyo balaa la pili. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi, na mwasumini hauyapendi. Dalili yake ni ncha za majani kukauka na kuwa za kahawia, kisha kingo zote. Kwenye chombo ni hatari zaidi, kwa sababu maji hukauka lakini chumvi hubaki, siku baada ya siku. Kama huna ila maji ya kisima, tumia hayo, lakini kila wiki mbili mwagia maji mengi yasiyo na chumvi mpaka yatoke chini kwa wingi, yaioshe ile chumvi. Na wakati wa masika kinga maji ya mvua kwenye pipa, funika vizuri mbu wasizaliane, uyatumie kidogo kidogo. Maji ya kuogea na kufulia usiyatumie, sabuni zake nyingi zina chumvi.

Kiasi cha maji? Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Pakiwa pabichi, ondoka. Pakiwa pakavu, mwagia asubuhi, taratibu, mpaka yatoke chini. Juu ya paa wakati wa kaskazi mimi humwagia kila siku, kwani ndoo hukauka upesi kwa upepo na joto la zege. Wakati wa masika naweza kupita wiki mbili bila kugusa. Mmea wa ardhini ulioshika vizuri hutosheka mara mbili kwa wiki. Kila ndoo itobolewe matundu sita au saba chini, si moja. Kama mti wa bibi ungekuwa juani, pengine ungeyamudu yale maji ya mama, maana mti ulio juani hunywa. Ulio kivulini haunywi, na mizizi yake hukaa ndani ya tope bila hewa mpaka ikaoza.

Kupata mche

Mwasumini wetu hauzai mbegu za kutegemewa, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kila mwenye mti wa zamani nyumbani aisikie. Ukifa umekufa. Hakuna mbegu iliyoanguka itakayoota mwakani. Kila mwasumini ulioko mjini ni tawi la mti wa mtu mwingine, na huo nao ulikuwa tawi la mwingine, kurudi nyuma mpaka kwa aliyeushusha chomboni. Kwa hivyo kata vipande sasa, mti ukiwa mzima, uvigawe nyumba tatu nne.

Wakati mzuri ni masika yanapoanza, hewa ikiwa na unyevu. Chagua tawi ambalo si laini la juzi wala si gumu la kahawia, bali lile la kijani linalojikunja bila kuvunjika. Kata kipande cha urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo, kwa kisu kikali. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili ya juu, na hayo nayo yakate nusu yasipoteze maji. Kama tawi lina matumba, yatoe. Inauma, lakini yatoe. Chomeka kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na mboji kidogo, vifundo viwili viwe ndani. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kizibo kimeondolewa, uweke kivulini penye mwangaza. Huu ndio wakati pekee ambapo mwasumini hutaka kivuli. Baada ya wiki nne hadi sita, vuta taratibu: ukigoma, umeshika. Mwezi mmoja zaidi, anza kuuzoesha jua la asubuhi, halafu la mchana.

Njia ya pili ni ya wavivu na ndiyo ninayoipenda. Inamisha tawi refu mpaka liguse udongo, likwangue kidogo upande wa chini, lifukie sehemu hiyo na uliwekee jiwe. Linaendelea kunyonya kwa mama yake huku likiota mizizi yake. Baada ya miezi miwili mitatu likate, lipande. Katika vile vitano nilivyochomeka mwanzo nilipoteza vitatu, lakini matawi niliyoyafukia hivi sijapoteza hata moja.

Kukata ili uzae

Maua hutoka kwenye matawi mapya. Kwa hivyo usiokatwa huzeeka, huwa na miti mitupu chini na vimaua vichache juu kusikofikiwa na mkono. Wakulima wa Tamil Nadu hukata mashamba yao karibu mwisho wa Novemba, wakiubakisha mmea karibu nusu mita kutoka ardhini, na kabla ya hapo huwa wameupunguzia maji upumzike. Kisha hutia mbolea, hurudisha maji, na mmea huamka wote kwa pamoja.

Kwetu mimi hufanya hivyo mwisho wa Agosti, kusi ikielekea ukingoni. Mara ya kwanza nilikata kwa mkono unaotetemeka, maana kubakisha vijiti vitupu vya urefu wa goti kwenye mti wa bibi yangu kulionekana kama kuvunjia adabu wafu. Mama hakutaka kutazama. Wiki ya pili machipukizi yakatoka kila kifundo, na Novemba ndoo mbili zile zilitoa matumba ambayo mti mzima wa uwani haukuwa umetoa kwa miaka mitatu.

Kutoka kukata mpaka kuchanua, kwangu huchukua wiki sita hadi nane wakati wa joto. Wenye harusi wazitumie hesabu hizi. Kama siku imeshawekwa, hesabu nyuma wiki nane, kata, tia samadi, mwagia vizuri. Ikiwa una miasumini kadhaa, usiikate siku moja. Kata mmoja, baada ya siku kumi wa pili, na hivyo hivyo, ili siku ikisogezwa, kama zinavyosogezwa, usiambulie patupu. Na ukifika Juni na Julai usishangae ukikosa maua. Ni baridi yao, waache wapumzike.

Kila wimbi la maua likiisha, punguza ncha zilizochanua kwa vidole au mkasi, kifundo kimoja au viwili. Samadi kidogo kila baada ya mwezi mmoja wakati wa kaskazi, kisha simamisha. Jihadhari na mbolea za dukani zenye naitrojeni nyingi, zile za kukuzia majani ya mahindi, maana hizo zitakurudisha kwenye majani mapana na matumba hakuna.

Wadudu sina mengi. Wale weupe kama pamba kwenye vikonyo, na inzi weupe chini ya majani, huondoka kwa maji ya sabuni ya mche kidogo yakipulizwa jioni na kuoshwa asubuhi, mara tatu kwa wiki mbili. Utitiri mwekundu huja wakati wa ukavu, majani hupauka na kuwa na utando mwembamba. Huo huchukia maji, basi osha majani upande wa chini kwa nguvu. Yupo pia kiwavi anayetoboa tumba na kuingia ndani. Ukiona tumba limegeuka zambarau kabla ya kufunguka na lina kitundu, lichume, ulichome au ulitie kwenye mfuko ulioufunga. Usiliangushe chini ya mti, utakuwa umemwekea nyumba. Sumu mimi sipulizi, kwa sababu ua hili litalala juu ya mto wa mtu na kwenye nywele zake.

Kuchuma

Chuma alasiri, kati ya saa tisa na kumi na moja, tumba likiwa limenenepa, jeupe kabisa, bado limefumba. La kijani liache mpaka kesho, halitafunguka likishachumwa. Lililokwisha kufunguka limechelewa kwa koja, ingawa lafaa kwa sahani ya maji chumbani au kwa kuvundika mafuta ya ufuta. Shika kikonyo chini ya tumba uvunje kwa kucha, usivute, maana ukivuta unang'oa na vitumba vya kesho vilivyo pembeni. Tandaza kwenye kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, funika kwa jani la mgomba. Usiyatie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, yatapata joto na kuwa ya kahawia kabla hujafika shughulini. Ukiyatunga saa kumi na moja, yatafunguka juu ya uzi saa mbili usiku, bi harusi akiwa ameshakaa.

Kaskazi iliyopita tuliozesha mpwa wangu. Ndoo zangu sasa ni saba, nyingine nimezigawa kwa majirani na mbili ziko kwa shangazi huko Likoni. Nilikata wiki nane kabla, kwa zamu kama nilivyoeleza. Alasiri ya kupamba tulipanda juu ya paa na sinia, mimi na wasichana, na mama akapandishwa ngazi polepole, akapumzika kila ghorofa, akisema anataka kuhakikisha kwa macho yake. Akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya tangi, akachuma ndoo iliyokuwa karibu naye, na alipomaliza akaomba kisu. Nikamuuliza cha nini. Akasema kwa dada yake Malindi kuna uwanja mpana, hauna ghorofa hata moja, na gari la kesho litaondoka saa moja asubuhi. Tukakata vipande sita, tukavifunga kwenye gazeti bichi.